Shoka la Wakanda, Fuvu la Rusinga

Mnamo Agosti 1, 2025, Disney ilitoa kwa mpigo vipindi vyote vinne vya Eyes of Wakanda, katuni ya bunilizi ya kisayansi kuhusu majasusi wa Wakanda wanaosaka mali ya taifa lao iliyoibwa na kutawanywa duniani. Kisumu hakukuwa na uzinduzi. Hakukuwa hata na njia rasmi ya kuitazama, maana huduma ya Disney+ ilikuwa haijaletwa Kenya. Ikafika tu, kama muvi nyingi zinavyofika mitaa yetu ya Kondele na Nyalenda: mmoja anapakua, wa pili ananakili, wa kumi analipa shilingi chache dukani na kwenda zake na flashi mfukoni.

Basi hadithi ya kurejesha vilivyoibwa ikamfikia mtazamaji ikiwa yenyewe imeibwa. Wengi huishia kucheka. Lakini ubishi wa mashabiki kuhusu katuni hii unagusa jambo ambalo ufuo wa Ziwa Victoria umelijua muda mrefu kabla ya Marvel kuchora chui yeyote: kitu kikishachukuliwa, nani ana haki ya kukirudisha, akirudishe kwa njia gani, na kikabidhiwe nani? Juu ya hayo teknolojia imeongeza swali jingine gumu zaidi, la nakala. Anayebeba nakala na kuiacha asili ilipokuwa, ameiba nini?

Kisumu ina sababu yake ya kuijali Wakanda. Februari 2018, siku chache kabla ya Black Panther kuanza kuonyeshwa Marekani tarehe 16, filamu hiyo ilizinduliwa katika mji huu. Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni binti wa Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amechaguliwa gavana wa kaunti. Tukio lenyewe liliandikwa sana kama habari ya mavazi na mapicha. Kilichosahaulika ni wakati. Wiki mbili kabla, Januari 30, Raila Odinga, kiongozi wa upinzani wakati huo, alikuwa amejiapisha Uhuru Park kuwa rais wa wananchi. Na bado hapakuwa na dalili ya mapatano yake ya Machi 9 na Rais Uhuru Kenyatta. Watu wa Kisumu walikuwa wametoka kuzika waliouawa katika ghasia za uchaguzi wa 2017. Ndipo wakaketi kutazama filamu ambayo kiti cha ufalme kinagombewa na watu wawili wa damu moja, mmoja akiwa na baraka za wazee, mwingine akiwa na madai kwamba alinyimwa haki yake utotoni. Sioni ajabu kwamba huyo wa pili, Killmonger, ambaye waandishi wa filamu walimkusudia awe adui, alipata mawakili wengi.

Killmonger ndiye anayeingia katika makumbusho ya London, akatazama silaha ya vibranium, madini ya kubuni ya Wakanda, iliyoandikiwa asili ya uongo, na kuondoka nayo. Katuni mpya imeota kutoka kwenye kisa hicho. Aliyeibuni ni Todd Harris, mchoraji wa siku nyingi wa filamu za Marvel, na kampuni ya Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu ya 2018, imo katika utayarishaji. Tena kuna jambo ambalo mashabiki wa vitabu vya katuni hupenda kulitaja: Ta-Nehisi Coates alipoanza kuandika toleo lake la Black Panther mwaka 2016, ramani yake iliiweka Wakanda kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Filamu ziliihamisha na kuificha kwingine. Lakini kwa mwaka ule wa vitabu, jirani wa Wakanda alikuwa mvuvi wa mbuta.

Vipindi vyenyewe vinaruka karne. Cha kwanza kinaanza zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Kristo, ambapo Noni, aliyefukuzwa katika Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme, anamfuata mlinzi mwasi aliyetoroka na siri za nchi na kujijengea himaya ugenini. Hapa maadili ni mepesi, maana mwizi ni Mwakanda, mali ni ya Wakanda, na mnyonge ni yule anayekandamizwa na mwizi. Cha pili kinatupeleka Vita vya Troy. Jasusi ameishi miaka mingi miongoni mwa Wagiriki, amekuwa rafiki wa Achilles, na wajibu unamdai amsaliti rafiki huyo kwa ajili ya mkufu. Wapo wanaosema hapo hadithi ilikomaa. Nakubaliana nao nusu. Swali la kama kito kinastahili thamani ya urafiki limeulizwa vizuri, lakini jibu limetolewa haraka mno, kana kwamba mtayarishaji alikuwa anatazama saa.

Kipindi cha tatu ndicho kinachonisumbua. Mwaka ni 1400, mahali ni China. Jasusi kijana Basha, mwepesi wa maneno na mwenye kujiamini kupita kiasi, anachukua sanamu ya joka yenye vibranium. Kumbe sanamu hiyo imeshakuwa kitu kitakatifu mikononi mwa watu wale, na mlinzi wao, mwanamke aitwaye Jorani, anamfuatilia kuidai. Nani mwizi sasa? Vibranium ilitoka Wakanda, hilo halina ubishi. Lakini ibada, wimbo na hofu vilivyoizunguka sanamu kwa vizazi havikutoka Wakanda. Aliyeitengeneza na kuitukuza hakujua kwamba malighafi yake ina mwenyewe mahali pengine. Shabiki anayesema mali irudi kwao bila masharti anakwama hapa, na ni vizuri akwame.

Kipindi cha nne kinafichua mwisho wa yote, kwa hiyo asiyekitazama na aruke aya hii. Mwaka ni 1896 nchini Ethiopia, mwaka ambao jeshi la Menelik II liliwashinda Waitaliano Adwa. Mwanamfalme Tafari na mwenzake Kuda wanalipata shoka la vibranium na kulipeleka nyumbani. Mara anatokea Chui Mweusi (Black Panther) wa mwisho kutoka karne zijazo na kuwaeleza kwamba wamefanya kosa. Shoka likirudi, halitafika makumbusho ya London. Lisipofika London, Killmonger hataliiba. Asipoliiba, Wakanda haitafungua milango yake kwa dunia. Na isipofungua, maadui kutoka anga za mbali watakapokuja hapatakuwa na wa kuwazuia. Basi shoka linaachwa makusudi liokotwe na wageni.

Tuseme jambo hili kwa lugha isiyo na vibranium. Baada ya vipindi vitatu vya urejeshaji, katuni inahitimisha kwamba usalama wa dunia nzima unategemea kitu cha Afrika kukaa katika kabati la kioo Uingereza. Mwaka 2002 makumbusho 18 makubwa ya Ulaya na Marekani yalitoa tamko la pamoja kutetea hazina zao kwa hoja kwamba yanahudumia watu wa mataifa yote. Sidhani kama Harris alikusudia kuwa msemaji wao. Lakini hoja ni ileile, safari hii imevalishwa manyoya ya chui na kupewa sauti ya mzalendo.

Watetezi wa kipindi hicho wana neno lao, na si la kupuuzwa. Wanasema shoka ni kisingizio tu. Dhambi inayoshutumiwa ni ubahili wa Wakanda, nchi iliyojifungia na dawa, silaha na elimu huku majirani wakiuzwa utumwani. Kupoteza shoka ni adhabu ndogo kwa kosa kubwa. Tena wanauliza: kama ungeambiwa kwamba kuacha kitu kimoja kipotee kutaokoa wote, ungekatalia wapi?

Swali hilo lilishaulizwa kwenye ufuo huu. Katika hadithi ya Grace Ogot iitwayo The Rain Came, iliyomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder wa 1968, ukame umewakaba watu, na mganga anasema mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa mtemi, atolewe kwa zimwi la ziwani. Baba analia, lakini anamtoa. Binti anakwenda ziwani peke yake. Njiani Osinda, kijana anayempenda, anamwahi na kutoroka naye. Na mvua inanyesha vilevile. Ogot hakuandika bunilizi ya kisayansi, wala hakuhitaji mashine ya kusafiri katika wakati, lakini alifanya jambo ambalo Eyes of Wakanda haikuthubutu: alimpa mnusurika nafasi ya kuujaribu utabiri. Tafari na Kuda wanapewa utabiri na mgeni mmoja, ushahidi ni maneno yake, na katika nusu ya kipindi wameshasadiki. Hakuna anayeuliza kama Wakanda inaweza kufungua milango kwa hiari yake, na shoka likiwa nyumbani.

Sasa turudi kwenye vitu halisi, maana ziwa hili lina shoka lake. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mtafiti Mary Leakey alikuta fuvu la nyani wa kale aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Lilikuwa kamili kuliko lolote la aina hiyo lililojulikana wakati huo. Alipanda ndege nalo kwenda Uingereza, akapokewa na waandishi wa habari, na fuvu likabaki London. Jina la Proconsul alilopewa kiumbe huyo lilikuwa limebuniwa mwaka 1933 kutokana na mabaki ya Koru, mashariki mwa Kisumu, kwa heshima ya sokwe Consul aliyekuwa akifanyishwa maonyesho. Yaani kiumbe wa ziwani akapewa jina la utani la mnyama wa sarakasi ya Wazungu, na miaka ile hapakuwa na aliyeona kasoro.

Fuvu lilirudi Kenya miaka ya 1980. Halikurudishwa na majasusi, wala huruma haikuhusika. Hoja iliyoshinda ilikuwa ya karatasi: ilionyeshwa kwamba lilitolewa kwa mkopo, na mkopo hulipwa. Nawaomba mashabiki wa Hatut Zaraze, kikosi cha majasusi wa katuni hii, waitafakari silaha hiyo ya karatasi. Katika Afrika Mashariki mali iliyorudi imerudishwa zaidi na makatibu wenye mafaili kuliko na watu wenye mikuki, na hii ni habari njema kwa nchi ambayo haina vibranium. Majina nayo yalifuata polepole. Mwaka 1993 wataalamu waliiita spishi ya fuvu hilo kwa jina la Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na akina Leakey, na mwaka 2015 jenasi yenyewe ikaitwa Ekembo, jina lililotolewa katika lugha ya Wasuba, wenyeji wa Rusinga.

Lakini lilirudi wapi? Nairobi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaviweka vitu vya kale vinavyogunduliwa chini ya milki ya serikali, na kwa fuvu dhaifu lenye umri wa mamilioni ya miaka kuna sababu za kitaalamu za kulihifadhi kwenye chumba chenye ulinzi. Hata hivyo mtoto wa Mbita, jirani na Rusinga, anayetaka kuliona atasafiri usiku kucha. Hapa katuni imekwepa jambo kubwa. Kila kitu kinachorejeshwa Wakanda kinaingia hazina ya mfalme, nasi tunatakiwa kushangilia. Hakuna mama muuza samaki wa Wakanda anayeulizwa kama anauona mkufu ule uliogharimu urafiki. Kurudisha kutoka London hadi ikulu ni nusu ya safari tu.

Mifano mingine naitaja kwa kupita. Ngadji, ngoma kubwa ya Wapokomo iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, bado imo katika British Museum, na Wapokomo wanaidai. Mradi wa International Inventories Programme, ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika makumbusho ya nje. Tukio la Waluo ni la namna yake: mwaka 2007 picha za zamani zilizo katika Makumbusho ya Pitt Rivers ya Oxford, zikiwemo alizopiga mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1936, zililetwa na kuonyeshwa katika vijiji vya magharibi mwa Kenya kwa jina la Paro Manene. Watu wakawatambua babu zao. Zilizoletwa zilikuwa nakala. Asili zikabaki Oxford.

Kwa picha, nadhani nakala ilitenda kazi kubwa kuliko wakosoaji wanavyokiri. Mjukuu anayemwona babu yake hamwoni nusu kwa sababu karatasi ni mpya. Lakini ngoma iliyokuwa ikitumika katika ibada haina nakala, na fuvu lina nakala ya plasta ambayo haiwezi kumwambia mtafiti lolote jipya. Kwa hiyo hukumu ya nakala inategemea kitu chenyewe kilikuwa kinafanya nini kabla ya kuchukuliwa.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya 2009, ililiona jambo hili mapema. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa na kunywa jasho lao lililosafishwa. Asha ni mtunzaji wa makumbusho. Analetewa udongo ambao vipimo vyake vinaonyesha uhai, anatia mbegu ya kale ndani yake, nayo inachipua. Baraza linamkataza kutoka. Yeye anatoroka na kwenda kuupanda mche nje. Ni dakika ishirini na kitu tu, na kwangu mimi zinaishinda katuni ya Disney kwa maadili. Asha anajua kwamba mbegu iliyo kwenye kabati ni picha ya mbegu. Anavunja sheria ya makumbusho ili kitu kikafanye kazi yake, ilhali Tafari anatii utabiri ili kitu kikae bure kwenye kioo cha watu wengine.

Sasa flashi. Utetezi unaosikika sana ni huu: Disney ilitajirika kwa mali yetu, sisi tukinakili tunarudisha. Una chembe ya ukweli. Kampuni hiyo ilisajili maneno Hakuna Matata kuwa alama yake ya biashara Marekani, ikapewa usajili mwaka 2003, ingawa msemo huo ulikuwa vinywani mwa watu wa Mombasa na Zanzibar kabla ya simba yeyote wa katuni kuutamka. Mwaka 2018 maelfu ya watu walitia saini kulaani usajili huo. Wakanda nayo ni nchi ya Kiafrika iliyobuniwa New York mwaka 1966, na faida yake huishia huko huko Marekani. Filamu ya 2018 peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3.

Pamoja na hayo utetezi huu haunishawishi, kwa sababu duka la muvi halina kabati la Disney peke yake. Katika kompyuta ileile, kando ya Eyes of Wakanda, zimo filamu za Wakenya waliouza shamba au kukopa ili wazitengeneze. Nairobi Half Life ya 2012 ilinakiliwa mitaani kama nyingine yoyote. Anayejiita mlipiza kisasi wa Afrika anamlipizia mwenzake wa Afrika. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haitofautishi hao wawili, na kisheria ni sawa isitofautishe. Kimaadili mimi natofautisha. Kampuni isiyotaka kufungua duka nchini mwako haijapoteza mauzo ambayo haikukusudia kuyapata. Mwandaaji wa Kisumu au Nairobi anayeuza kazi yake kwa bei inayolipika amepoteza chakula cha jioni.

Kuna pia kazi inayofanyika katika kunakili ambayo haifai kuitwa wizi mtupu. DJ Afro amejenga jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, akiwabatiza wahusika upya na kupachika vichekesho vya mtaani, kama walivyofanya wasimulizi wa Dar es Salaam na Kampala. Anayemsikiliza anatazama filamu ambayo Hollywood haikuitengeneza. Kwa mizani ya kipindi cha tatu cha katuni yetu, yeye ni Mchina wa sanamu ya joka: malighafi si yake, lakini alichokizungushia ni chake. Hana haki ya kuziuza filamu hizo bila ruhusa, lakini wenye haki wangekuwa na akili wangempa ruhusa hiyo kwa malipo nafuu, maana yeye ndiye aliyewapatia watazamaji ambao matangazo yao hayakuwafikia.

Hukumu yangu, basi. Tafari alipaswa kulihifadhi shoka na kumdai mfalme wake afungue milango. Anayenakili Eyes of Wakanda mahali ambapo hakuna mlango halali, nisingemburuta mahakamani. Anayenakili filamu ya Mkenya iliyopo sokoni ni mwizi, na asijifiche nyuma ya Killmonger.

Kwa wanaoishi kandokando ya ziwa kuna jambo la kufanya zaidi ya kubishana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka sinema, maonyesho na ukodishaji wa video, maktaba na makumbusho katika fungu moja la majukumu ya kaunti. Kaunti ya Kisumu inaweza kulipia haki za kuonyesha filamu za Wakenya katika kumbi za umma, pamoja na Makumbusho ya Kisumu yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kaunti ya Homa Bay inaweza kuiandikia Nairobi barua ya kuomba fuvu la Rusinga lije kuonyeshwa kisiwani, hata kwa mwezi mmoja, kwa mkopo wenye karatasi. Mwulize mwakilishi wako wa wadi kama barua hiyo imeshaandikwa.